Hema la zamani linavuja: tafuta njia ya maji kabla ya kupaka chochote

Hema likianza kuvuja, wengi hapa Goma hukimbilia Birere kununua silikoni au turubai la kulifunika. Silikoni inapakwa mahali ambapo maji hayapiti kabisa, na mvua inayofuata inawakuta walewale wakikamua magodoro. Malalamiko ninayoyasikia hayabadiliki, yawe ya vijana wa kwaya wanaokwenda mafungo, ya maskauti, ya watafiti wanaolala porini, au ya wenye mahema ya kukodisha kando ya ziwa. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Katika kila dalili, sababu inayoonekana mara nyingi inatangulia, na ukaguzi usiogharimu kitu unakuja kabla ya kazi ya brashi.

Kwanza, ujue una hema gani

Mahema mengi ya mjini ni ya nailoni au poliesta, yamenunuliwa kwenye mitumba au yameachwa na wageni waliomaliza kazi yao. Karatasi ya maelezo ilishapotea. Kitambaa chenyewe hakizuii maji. Kinachozuia ni utando uliopakwa juu yake, nao kwa kawaida ni wa poliurethani (upande wa ndani tu) au wa silikoni (mara nyingi pande zote mbili).

Kuzitofautisha ni rahisi. Bandika kipande cha selotepu upande wa ndani wa kitambaa cha juu, kisha kivute. Kikishika vizuri, huo ni poliurethani. Kikiteleza na kutoka bila nguvu, ni silikoni. Fanya hivyo kabla ya kununua chochote, kwa sababu dawa ya poliurethani haishiki juu ya silikoni, na silikoni ikishapakwa juu ya poliurethani hubanduka baada ya muda na kukuachia uso ambao hakuna dawa nyingine itakayoushika. Muuzaji akikwambia kopo lake linashika kila kitu, mshukuru na uendelee na safari yako.

Mahema mazito ya pamba, yale ya zamani ya maskauti, yana sheria zao. Nyuzi za pamba huvimba zikilowa na kuziba matundu zenyewe. Kwa hiyo hema la pamba lililokaa kavu muda mrefu linaweza kuvuja kwenye mishono mvua ya kwanza, kisha likatulia. Lilowesheni mara moja au mbili na kuliacha likauke kabla ya kulilaumu. Ila mtu asiguse dari kwa kidole wakati wa mvua: maji hufuata kidole.

"Asubuhi ndani kumelowa, na mvua haikunyesha"

Hili si tundu. Kila mtu anayelala hutoa maji kwa pumzi na ngozi, zaidi ya robo lita kwa usiku mmoja. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku unapoa. Ukipanda kuelekea volkano ya Nyiragongo baridi inazidi. Mvuke ukigusa kitambaa cha juu kilichopoa hugeuka matone, yanateremka ukutani, na mtu anaapa hema limetoboka.

Pitisha kiganja upande wa ndani wa kitambaa cha juu. Kikiwa kimelowa sawasawa kila mahali, pamoja na sehemu zisizo na mshono, ni jasho la hema. Sababu ya kawaida ni madirisha ya hewa yaliyofungwa kwa kuogopa baridi. Ya pili ni kitambaa cha juu kulegea na kulalia chumba cha ndani, hivyo matone yanahamia upande wa pili. Ya tatu ni nguo mbichi, viatu na sufuria ya chai vilivyoingizwa ndani. Fungua matundu ya juu na ya chini ili hewa ipite, kaza kamba, na vitu vilivyolowa vikae nje chini ya kibaraza. Mahali penyewe nako kunachangia: kandokando kabisa ya maji na kwenye mabonde umande ni mwingi kuliko chini ya miti, kwenye mwinuko kidogo.

Hapa kuna onyo ambalo halihusu kitambaa, na ndilo kubwa kuliko yote katika ukurasa huu. Usikaushe hema wala kujipasha moto kwa babula (jiko la makaa) ndani, hata kama mlango uko wazi nusu. Makaa yanayowaka hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, na hema lililolowa hupitisha hewa kidogo kuliko kavu. Mtu anasinzia na haamki. Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikianza au miguu ikilegea, tokeni nje wote mara moja, kisha mwenye dalili apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu.

Goma ina hatari ya pili inayofanana nayo: mazuku. Ni dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini na kulala kwenye mashimo na mabonde, hasa magharibi mwa mji, kandokando ya ziwa na kuelekea Sake. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haionekani, na hukusanyika zaidi usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Ule mteremko unaovutia kwa sababu unakinga upepo ndio mahali pabaya pa kulala. Ukikuta majani yaliyokauka kwa duara, ndege au mijusi waliokufa, au kibao cha onyo, ondoka. Lakini kutoyaona hayo hakumaanishi pako salama. Waulize wenyeji wa mtaa, au watu wa kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma (OVG), kabla ya kusimamisha chochote. Na mtu akianguka shimoni usimfuate humo, kwa sababu anayekwenda kuokoa naye huangukia hapohapo.

"Mvua ikinyesha, maji yanadondoka kutoka juu"

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Tone linapoangukia si lazima liwe ndipo maji yanapoingilia. Maji huingia kwenye mshono wa juu, yakatembea kando ya uzi hata urefu wa mkono, kisha yakaangukia mto wa mtu aliyelala chini kabisa.

Simamisha hema uani siku kavu. Mtu mmoja aingie na tochi na chaki, mwingine abaki nje na bidoni ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa matundu madogo. Anza kumwagia chini, karibu na ardhi, halafu panda polepole: mshono wa chini, ubavu, mlango, mwisho kilele. Ukianza juu maji yanalowesha kila kitu na hutajua kitu. Aliye ndani anatazama mishono dhidi ya mwanga wa tochi. Utaona uzi ukigeuka mweusi kwanza, kisha tone dogo linachungulia kwenye tundu la sindano. Weka chaki hapo, si pale linapodondokea. Maji ya Goma tunayabeba, najua, lakini bidoni mbili zinatosha, na ni nafuu kuliko kopo la dawa lisilosaidia.

Sababu, kwa mpangilio ninaoukuta:

*Hema limelegea.* Nailoni hunywa maji na kurefuka, kwa hiyo hema lililokazwa vizuri jioni huwa limebonyea usiku wa manane. Maji yanakusanyika kwenye bonde la kitambaa, au kitambaa cha juu kinagusa cha ndani. Kaza kamba tena mvua inapoanza. Poliesta hairefuki hivyo, ndiyo maana kwa mvua zetu naipendelea kama bei inalingana.

*Utepe wa mishono umebanduka.* Mahema mengi ya poliurethani yana utepe mwembamba unaong'aa juu ya kila mshono upande wa ndani. Gundi yake ndiyo inayochakaa kwanza. Sehemu iliyonyanyuka ivute itoke. Iliyoshika vizuri iache. Futa mabaki ya gundi kwa kitambaa chenye spiriti ya kusafishia vidonda, acha ikauke, kisha paka dawa ya mishono ya poliurethani kwa brashi ndogo, ukivuka mshono kwa upana wa kidole kila upande. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene. Acha siku nzima, halafu nyunyiza poda ya mtoto ili mishono isishikane hema likikunjwa.

Kwa hema la silikoni, silikoni safi ya madirisha inafaa, ile inayonuka siki, si ile ya akriliki inayopakwa rangi juu. Ipunguze kwa spiriti ya madini, ya kupunguzia rangi ya mafuta, mpaka ipakike kwa brashi bila kuteremka. Usitumie thina kali ya rangi za magari. Kazi hii ifanyike nje, mbali na babula na sigara: mvuke wake unawaka, na kuuvuta ndani ya nyumba ni sumu.

*Zipu na kamba zinaingiza maji.* Kipande cha kitambaa kinachofunika zipu kikiwa kimekunjika ndani, au kamba inayopita kwenye tundu ikiteremkia ndani, maji yanaifuata. Funga fundo dogo la uzi kwenye kamba upande wa nje ili tone liangukie hapo.

*Utando wenyewe umekwisha.* Hii ni ya nadra kuliko watu wanavyodhani. Weka mdomo kwenye kitambaa kikavu na upulize kwa nguvu. Hewa ikipita kwa urahisi, utando umekwenda. Kama ni sehemu ndogo, paka upya. Kama ni dari nzima, pima gharama ya dawa dhidi ya hema jingine la mitumba, na usione aibu kuchagua la pili. Ukiwa sokoni na lebo ikisomeka, tafuta namba ya milimita, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla ya kupitisha: 1,500 kwa juu inatosha kuanzia, na sakafu iwe 3,000 au zaidi, kwa sababu goti la mtu linasukuma maji kwa nguvu kuliko mvua.

Kuna jambo linalowatisha watu bure. Kitambaa cha nje kikigeuka cheusi na kunywa maji badala ya kuyasukuma kama jani la kolokasi, ile dawa nyembamba ya nje ndiyo imeisha. Hema linakuwa zito na baridi, jasho la ndani linaongezeka, lakini bado halivuji. Dawa ya kupulizia inarudisha hali. Ukiikosa, lala tu.

"Sakafu imelowa"

Watu wanasema maji yametoka ardhini. Kwenye makoro, yaani mawe ya lava, jambo hilo ni gumu kutokea: mawe hayo hunywa mvua haraka. Kama umelala juu ya makoro na sakafu imelowa, kagua kwanza turubai ulilotandika chini. Likitokeza nje ya hema hata kwa upana wa kiganja, linapokea maji yanayoteremka ukutani na kuyapeleka moja kwa moja chini ya mgongo wako. Likunje liwe dogo kuliko sakafu pande zote. Ni kosa namba moja na tiba yake haina gharama. Kwenye udongo mzito hali ni nyingine. Huko maji husimama, basi tafuta mwinuko.

Halafu inua godoro. Unyevu chini ya godoro pekee, huku pembe zikiwa kavu, ni jasho la mwili.

Baada ya hapo ndiyo matundu. Makoro hutoboa sakafu kwa ncha ndogo ambazo mchana huzioni. Usiku, mtu apitishe tochi chini ya sakafu na wewe utazame kutoka ndani: kila tundu litakuwa nukta ya mwanga. Zungushia kalamu. Kata viraka vya duara, maana pembe ndizo zinazobanduka, kila kimoja kivuke tundu kwa sentimita mbili hadi tatu. Safisha kwa ile spiriti ya vidonda, gundisha kwa gundi ya poliurethani, weka kitu kizito juu mpaka siku ya pili. Gundi ya viraka vya baiskeli inasaidia safarini tu. Na kabla ya kusimamisha hema tena, fagia mahali hapo kwa mkono, jiwe moja moja, kisha tandika turubai. Hakuna dawa itakayoshinda jiwe la lava chini ya goti.

Mishono ya pembe za sakafu ikiwa imefumuka, hiyo si ya gundi. Mpelekee fundi.

"Linanata na linanuka matapishi"

Utando wa poliurethani unaoza kwa unyevu na joto. Dalili zake ni hizo: kunata, harufu kali, na magamba meupe yanayobaki mkononi. Kuosha hakuurudishi, na kupaka dawa mpya juu ya utando unaooza ni kupaka rangi juu ya kutu.

Sababu kuu ni kulihifadhi bichi, hata bichi kidogo, ndani ya mfuko wake chini ya bati linalochemka mchana. Goma ina kiangazi kifupi, Juni hadi Agosti. Miezi mingine mvua ni ya kawaida, na hema linalosubiri jua la kesho linaweza kusubiri wiki. Litundike chini ya paa lenye upepo, ligeuzwe, na likishakauka lihifadhiwe limelegea kwenye mfuko mkubwa wa nguo unaopitisha hewa, si kwenye ule mfuko wake mdogo uliobana.

Kama kinachonata ni sakafu tu na kitambaa bado ni imara, loweka kwa maji ya vuguvugu, sugua utando wote kwa brashi na ile spiriti ya vidonda mpaka utoke, suuza, kausha, kisha paka utando mpya. Ni kazi ya siku nzima. Kama ni kitambaa cha juu chote, sishauri.

Madoa meusi

Ni kuvu. Kwa kuvu mpya: maji ya vuguvugu, sabuni laini ya kipande, sponji, suuza sana. Likibaki, siki iliyochanganywa na maji, iache dakika chache, suuza tena. Javel (dawa ya kung'arishia nguo) hapana, sabuni ya unga hapana, mashine ya kufulia hapana kabisa. Doa lililoingia halitoki, lakini doa si tatizo. Harufu ikirudi ndiyo tatizo.

Mahema yaliyosimama upande wa Rusayo au Sake, ambako upepo hupeleka moshi wa volkano, yapewe suuza ya maji safi kila yanaporudi. Mvua ya huko hubeba asidi, na nailoni haivumilii asidi. Poliesta huvumilia zaidi.

Zipu inafungwa, halafu inajifungua nyuma

Meno ni mazima. Kichwa cha zipu ndicho kimepanuka. Sugua vumbi kwa mswaki mkavu kwanza. Kisha bana kichwa kwa koleo, upande mmoja halafu wa pili, kidogo sana, ukijaribu kila mara. Ukikivunja, fundi wa mabegi anauza kingine. Kulainisha, tumia mshumaa au risasi ya penseli. Mafuta ya kupikia yanashika vumbi la lava na kula meno.

Fito na vigingi

Fito za faibaglasi hupasuka kwa urefu. Usizishike kwa mkono mtupu, vibanzi vyake vinaingia kwenye ngozi na kusumbua. Ingiza kipande cha bomba la chuma juu ya ufa, funga kwa utepe imara pande zote mbili, lakini ujue ni ya kufikisha safari tu. Fito ya alumini iliyopinda iache na pindo lake. Ukiinyoosha sana inakatika. Unapokunja, sukuma fito itoke, usiivute: ukivuta, vipande vinaachana ndani ya mfereji.

Vigingi havishuki kwenye makoro, basi tunafunga kwenye mawe. Jiwe la lava linakata kamba kama msumeno mdogo upepo wa ziwa unapovuma usiku kucha. Zungushia jiwe ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, ile mipira inayofungia mizigo ya chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo), na kamba ifungwe kwenye mpira. Mpira unanyumbuka, kwa hiyo unapunguza pia mshtuko kwenye mishono. Ukiona mshono umeanza kufumuka pale fito inapoingia au pale kamba inapovuta, simama hapo. Ukishona kwa mkono na uzi wa nyumbani, utachanua kitambaa zaidi. Mpelekee fundi anayeshona viti vya magari au vya pikipiki, mwambie atumie uzi wa poliesta na sindano nyembamba, na wewe upake dawa kwenye kila tundu jipya alilotoboa.

Mahema makubwa ya harusi na ibada, yenye nguzo za chuma, hayamo humu. Nguzo zake zikipinda, waite waliolisimamisha.

"Kitambaa kinachanika chenyewe"

Tuko karibu na mstari wa Ikweta na tuko juu. Jua letu linakula nailoni haraka kuliko mvua. Hema lililoachwa limesimama miezi juani, kama yale ya kukodisha, huchakaa paa lake huku sakafu ikiwa nzima. Shika ukingo wa kitambaa cha juu mahali pasipoonekana, vuta kwa vidole gumba viwili. Kikikatika kama gazeti, usinunue dawa, usimsumbue fundi. Kizuri cha hema hilo sasa ni chumba cha ndani, sakafu, fito na vichwa vya zipu: viweke kwa ajili ya hema lijalo, na juu ya chumba cha ndani funga turubai lenye mwinuko mzuri, likiachana nacho kwa kiganja kizima ili hewa ipite.